Tundu Nililotoboa kwa Moto

Zaituni mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia huko uani ukimcheka mama yako kwa ile ndoo aliyokununulia, na mtu anayecheka namna hiyo ni mzima. Mimi nipo bandani. Nimesema nina kazi ya kumalizia, nikarudisha mlango. Hakuna kazi. Nimekalia kile kiti cha chuma unachokilaumu kila siku kwamba kinayumba, nina kalamu na daftari, na jua bado lipo. Nataka nimalize kabla ya magharibi, kwa sababu nikilala na barua hii nitaamka nimeichana.

Basi lako la kwenda chuo Dodoma ni kesho asubuhi. Mambo ya kula vizuri, kuswali, kutowaamini watu wanaojifanya ndugu stendi, mama yako ameshakuambia, na atakuambia tena ukiwa umeshakanyaga ngazi ya basi. Mimi siongezi. Nina jambo moja tu, na wiki nzima nimekuwa nalizunguka kama mtu anayetafuta pa kushika sufuria iliyo motoni.

Nilianza kwa kukuandalia biti za drili. Zipo mezani, kwenye lile sanduku la bati lililokuwa la biskuti. Nikadhani nitakuandikia karatasi ya maelezo ya biti, niibandike ndani ya kifuniko, iwe ndiyo barua yenyewe. Ngoja basi nikuandikie hayo kwanza. Unanijua, bila chuma mkononi siwezi kuanza kuongea.

Nyeusi ndizo za kila siku: bomba, bamba, chuma laini. Zile zenye rangi ya dhahabu usizitukuze. Dhahabu ni mpako tu. Ukishainoa mara moja mpako unatoka pale nchani, unabaki na biti kama nyingine. Muuza duka atakuapia kwa jina la Mungu. Wewe tabasamu, uchukue nyeusi. Zile tatu nilizozifunga peke yazo kwenye kitambaa, zimefifia rangi kidogo, ni za kobalti. Hizo ni za chuma kigumu, na usimwazime mtu hata akikulilia. Ukikuta biti imebandikwa kipande nchani mfano wa kijembe kidogo, hiyo ni ya tofali na zege. Nimeona wanaume wazima na ndevu zao wanaiegemeza kwenye chuma nusu saa nzima, inatoa moshi, halafu wanatukana drili.

Angalia na ncha. Iliyochongoka ni ya chuma laini. Chuma kigumu kinataka ncha pana zaidi, iliyolala, isiyoteleza. Na kabla ya yote piga alama kwa sentapanchi, igonge kisawasawa, si kwa kubembeleza, la sivyo biti itatembea juu ya chuma na wewe utakuwa unaifuata.

Mwendo nao. Wengi wanadhani drili ikipiga kelele sana ndiyo inakata. Biti ikiwa nene izunguke polepole. Chuma kikiwa kigumu, polepole zaidi. Egemea mpaka usikie inakula. Ikiwa inasugua tu, biti inaungua, na chuma chenyewe kinakomaa palepale ulipokisugua, hasa chuma cha pua, kiasi kwamba hata ukija na biti nzuri kinakugomea. Tazama nyuzi za chuma zinazotoka. Zikitoka mbili, moja kila upande, zimejikunja sawasawa, ujue umenoa vizuri. Ikitoka moja, mdomo mmoja wa biti ni mrefu kuliko mwenzake, na tundu litakuwa pana kuliko ulivyotaka. Hili ulilishika ukiwa na miaka kumi na miwili. Ulinijia na nyuzi mbili kwenye kiganja ukasema, "Baba, nimepata mapacha." Nikacheka, kisha nikageukia ukutani kana kwamba natafuta tupa. Mbona niligeuka, nitakuambia.

Mafuta weka kila mara. Huko chuoni watakuwa na mafuta yao maalumu. Sisi tumetumia alizeti, na mama yako hajawahi kulizoea hilo. "Wewe na vyuma vyako mnakula mafuta kuliko wanangu," ndivyo anavyosema, na chupa anaificha nyuma ya ndoo ya unga, na mimi najua ilipo. Chuma cha kumimina tu, kile kinachopukutika kama unga ukikitoboa, ndicho usikitie mafuta. Kitoboe kikavu.

Biti ikikaribia kutokea upande wa pili, legeza mkono. Hapo ndipo inaponasa. Kipande kibane kwenye jiliwa, usikishike kwa mkono hata kiwe kidogo kiasi gani. Glovu vua. Mtandio uchomeke wote ndani ya koti, na ile ncha ya nyuma pia, ile unayoisahau.

Yote hayo unayajua. Nimeyaandika kwa sababu nimeogopa kufika hapa.

Juzi ulipokuwa unanisimulia usaili wa chuo, nilikuwa nanoa panga la mtu na sikusimamisha mashine, ukadhani sisikilizi. Nilisikia. Ulisema yule mwalimu alikuuliza kwa nini msichana anataka ufundi wa mitambo, ukamjibu, "Baba yangu ana banda Mkiwa. Mafundi wote wa barabarani wanatoboa chuma kwa moto wa kuchomelea, yeye hajawahi hata mara moja. Nataka kuwa fundi wa namna hiyo." Ukasema yule mwalimu aliandika kitu kwenye karatasi. Ulikuwa na furaha sana. Mimi nililiharibu panga la watu, nikala makali yote upande mmoja.

Zaituni, nimewahi. Mara moja. Na tundu hilo ndilo lililokuvunja mguu.

Nimeiandika sentensi hiyo nikanyanyuka, nikafika mlangoni, nikarudi. Bado mnacheka huko uani. Sasa nitaeleza yote kama yalivyokuwa, na usinisaidie popote kwa kuniwazia mema.

Ulikuwa na miaka tisa. Mjomba wako Ramadhani alikuwa anakaa hapa hapa kijijini, ana ng'ombe wake wawili wa kukokota, anawabebea watu alizeti kutoka mashambani kuja kwenye mashine ya kukamua. Msimu ulikuwa umeanza. Chuma kinachounganisha mkokoteni na ule mti wa nira kilikuwa kimechakaa, akaniletea nimtengenezee kingine. Nikachukua bamba la springi ya lori. Yalikuwa yametapakaa hapa njia panda, malori yanavunja, madereva wanatupa. Springi ni chuma kigumu, nikaona nitampa shemeji yangu kitu cha kudumu.

Matundu mawili ya nyuma yalikuwepo tayari, yamekuja na springi. Lilibaki moja la mbele, la kupitishia pini inayobeba mzigo wote. Drili niliyokuwa nayo ni ile ya mkononi, na biti ni nyeusi za kawaida. Ya kwanza ilipiga mluzi, haikula kitu. Ya pili ikawa bluu nchani. Ya tatu ikakatika. Njia zilikuwepo mbili, na zote nilizijua. Ningeweza kwenda Singida mjini kutafuta biti ya chuma kigumu, ni siku moja tu. Au ningeiacha springi, nichukue bamba nene la chuma laini nilitoboe kwa dakika chache. Lakini Ramadhani alikuwa amesimama pale, na watu wa bodaboda wamekaa kwenye benchi wanatazama, na mimi asubuhi ile ile nilikuwa nimejigamba mbele yao kwamba hakuna chuma kilichonishinda tangu nifike Mkiwa. Mmoja akasema, "Fundi, leo umekutana na mwanaume mwenzako." Wakaangua kicheko. Ni kicheko hicho tu, mwanangu. Hakuna kingine kilichonisukuma.

Nikawasha mashine ya kuchomelea, nikaongeza moto, nikalichoma tundu mpaka likatokea upande wa pili. Nikalizungusha kwa tupa lionekane la mviringo. Bado lilikuwa linawaka, na nilitaka nipake rangi wale jamaa wakiwa bado wapo, nikalitumbukiza bamba zima kwenye ndoo ya maji.

Huko chuoni watakufundisha jambo hili kwa maneno yao. Springi ukiichoma kwa moto ule kisha ukaipoza kwa maji, ukingo wa tundu unakuwa mgumu na mkavu kama kigae, na unaingia nyufa ambazo jicho halioni. Sitaki uje kulisikia darasani na kuanza kujumlisha mwenyewe. Na mimi siwezi kusema sikujua. Nilijua kwa kusikia watu wazima wa kazi hii wakisema. Tena bamba lilipokuwa majini nilisikia mlio mdogo, tik, kama mtu amevunja kijiti. Nikajiambia ni magamba ya moto yanabanduka. Nikapaka rangi nyeusi.

Ramadhani alilipokea akaligonga kwa kidole. "Shemeji, wewe kiboko," akasema. Watu wa bodaboda wakanyamaza, nami nikajisikia vizuri siku nzima.

Lilikaa karibu miezi miwili. Siku yenyewe unaikumbuka kuliko mimi. Ulikuwa juu ya magunia, mnatoka shambani, mmeshuka korongo na ng'ombe wanapandisha upande wa pili. Hapo ndipo mvuto unakuwa mkubwa. Bamba likakatika pale kwenye tundu, ng'ombe wakaenda na nira yao, mkokoteni ukarudi nyuma na kupinduka na wewe. Mlipofikiwa na watu Ramadhani alikuwa ameunyanyua ukingo wa mkokoteni kwa mgongo, peke yake, na mpaka leo sijui aliwezaje.

Nilipofika ulikuwa hulii. Uso umekuwa wa kijivu, unatazama juu. Mama yako alitamka neno kwa Kinyaturu ambalo sitaliandika, akakupakata, wakapata gari dogo la mizigo lililokuwa linapita, likawachukua kwenda hospitali Singida. Mimi sikupanda. Umekua ukiambiwa kwamba baba alibaki nyuma kukutafutia kiatu, na kila ukisimulia kisa hicho unakisimulia kwa mapenzi. Kiatu nilikileta, ni kweli. Lakini nilibaki kulifungua lile bamba.

Nilikuwa na spana mfukoni. Nikalitoa na kulitazama pale kwenye mvunjiko. Sehemu kubwa ilikuwa nyeusi na ina kutu, kipande kidogo tu upande mmoja ndicho kilichong'aa. Maana yake ufa ulikuwa ndani siku nyingi, unatambaa kila safari, na siku ile ilikuwa zamu ya kipande cha mwisho. Fundi yeyote angelitazama angeniambia hivyo. Nikalifunga kwenye shati, nikapita nalo nyumbani, nikalitupa kwenye shimo la choo. Ndipo nikapanda bodaboda kukufuata hospitali.

Kwenye ua wa hospitali babu yako, baba yake mama yako, alikuwa ameshafika. Akauliza, "Imekuwaje?" Ramadhani alikuwa amekaa chini, mgongo umechubuka, hawezi kusema. Watu wote wakanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye fundi. Nikasema, "Amezidisha magunia. Tena akampandisha mtoto juu."

Mama yako alimgeukia mdogo wake. Unajua mama yako akigeuka anageuka mzima. Hajamrudia mpaka leo. Na Ramadhani hakubisha hata kidogo, alitazama chini tu na kutikisa kichwa. Aliuza ng'ombe wake wote wawili kwa ajili ya matibabu yako, bila mtu kumwambia. Mwaka ule ule akahamia Itigi.

Ndiyo sababu unakanyaga ubao pale kwenye drili, mguu wa kushoto ufikiane na mwenzake. Ubao ule niliupiga misumari mwenyewe na kuuwekea mpira juu usiteleze, na kila siku unapousogeza kwa ncha ya kiatu kabla ya kuwasha mashine, mimi nauona. Sasa unajua kwa nini niligeukia ukutani ile siku ya nyuzi mbili.

Kila Idi Ramadhani anatuma dumu la asali kutoka Itigi. Mama yako halifungui, nalifungua mimi. Wewe mwaka jana ulisukuma sahani ukasema, "Sili cha yule mtu," na mama yako akakuunga mkono kwa kunyamaza. Mimi niliila. Mkate wa moto na asali, mbele yenu, nikala asali ya mtu niliyemsingizia, na wewe ukanitania kwamba tumbo langu halina kinyongo. Nilicheka na nyinyi.

Usidhani sikujaribu. Au dhania unavyotaka, ila nikueleze. Mwaka uliomaliza darasa la saba nilikwenda Itigi. Niliwaambia naenda kutazama mashine ya mtu. Nilimkuta Ramadhani anakarabati mizinga, amekonda, ndevu zimeanza mvi, na yeye ni mdogo kwangu. Akanitolea kigoda, akamwambia mkewe achemshe chai.

"Shemeji, umefuata nini mbali hivi?"

"Nimepita tu."

"Na Zaituni? Anatembeaje?"

"Anatembea vizuri. Anachechemea kidogo."

Akauokota mzinga, akaugeuza mikononi. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, nakuapia, neno lilikuwa hapa kwenye meno. Akaniwahi yeye. "Nilizidisha kweli, shemeji. Yalikuwa magunia saba. Kila nikilala nayaona."

Saba! Siku zote mkokoteni ule ulikuwa unabeba manane, na yeye analijua hilo kuliko mtu yeyote, lakini nilikuwa nimeshasema neno langu na yeye alikuwa ameliamini kuliko macho yake. Ndipo nilipoona ukubwa wa nilichokifanya. Ningemwambia pale, ningekuwa namtua mzigo kichwani, na nilishindwa. Chai ikaja. Nikanywa vikombe viwili. Nikamuuliza habari za nyuki. Akanifungia asali ya kuleta nyumbani, akanisindikiza mpaka stendi, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Tangu ajali sijatoboa chuma kwa moto, hilo halina uongo. Nilihangaika mpaka nikapata ile drili ya kusimama. Nikawa mkali wa biti, nikawa nawafukuza wateja wanaosema choma tu fundi, mpaka wakaniita Mzee Biti, na wewe ukakua ndani ya jina hilo. Watu wakasema yule mzee ni mwaminifu kwenye kazi yake. Nilikuwa mwoga, mwanangu. Mwoga naye anapima mara mbili. Kwa kutazama tu huwezi kumtofautisha na mwaminifu, na mimi niliwaacha nyote mkose kutofautisha.

Sasa unauliza kwa nini leo. Kwa sababu ulisema vile kwa yule mwalimu na akaandika. Ningeweza kukuacha uende na jina langu zuri, na miaka miwili huko Dodoma ungelitumia, ungewasimulia wenzako. Kisha siku moja mngepewa vipande vya chuma vilivyovunjika mvitazame, kipi kilipasuka zamani na kipi kimevunjika leo, na ungekumbuka kwamba hakuna mtu aliyewahi kuliona bamba la mjomba. Ungeniuliza kwa simu. Nami ningekudanganya, najijua. Ningekudanganya palepale bila kupanga.

Nimetafuta ushauri wa kukupa kuhusu hili na sijaupata. Ningekuwa na kitu cha kusema, kama vile kubali kosa mapema, ungeniuliza mbona wewe hukukubali, na ungekuwa na haki. Ninachokijua ni kidogo tu. Siku ukisikia tik ndani ya ndoo, na watu wamekusimamia wanangoja, na umeshachoka, hiyo ndiyo dakika uliyo nayo. Baada ya rangi kupakwa inakuwa vigumu sana. Baada ya mtu kukuambia wewe kiboko inakuwa vigumu zaidi. Mimi nimefika mahali ambapo sina cha kufanya kinachotosha. Siwezi kuurefusha mguu wako. Siwezi kumrudishia Ramadhani ng'ombe wakiwa wale wale, na yeye akiwa kijana yule yule. Tundu likikaa pabaya kwenye chuma tunalijaza na kutoboa upya, na mikono yangu inajua kufanya hivyo hata nikiwa nimesinzia, lakini kwa hili nimekaa na mikono mapajani.

Mama yako hajui. Nimeandika "nitamwambia" mara mbili kwenye karatasi hii nikafuta, kwa kuwa ahadi hiyo nimejipa miaka yote na sijaitimiza. Ukitaka kumwambia wewe leo, mwambie. Mpe hii asome. Nitakuwa hapa hapa bandani, sitakwenda popote, na akija na mwiko aje nao. Namba ya mjomba wako imo nyuma ya ukurasa huu. Nimekuacha umwite mjomba wako "yule mtu" miaka kumi, nikikufundisha kumchukia kwa kukaa kimya, na sikuombi umpigie. Nimeiandika ili usiwe umeikosa kwa sababu yangu tena.

Mwanzo nilipanga barua hii niifiche katikati ya nguo zako, uikute ukishafika Dodoma, ambako huwezi kuniangalia usoni. Nikaona huo ni ujanja ule ule wa kubaki nyuma na spana. Kwa hiyo nakuletea mkononi, sasa hivi, jua likiwa linazama. Ukishaisoma utakuwa na usiku mzima wa kuwa na hasira nyumbani kwenu, karibu na mama yako, badala ya kuwa nayo peke yako kwenye bweni la watu.

Kesho nitakuwa nimesimama mlangoni mapema. Begi nitalibeba mimi mpaka barabarani, hata kama hatutasemezana njia nzima, kwa sababu ni zito na njia ile ina mawe. Tangu ulipojua kusema hujawahi kunipita asubuhi bila shikamoo, hata ile wiki tuliyogombana kuhusu simu. Kesho ukitoka na kunipita kimya, sitakuuliza, na mama yako nitamzuia asikukaripie. Marahaba nitaiitikia tu, moyoni, nilichukue begi, nikufuate.

Baba yako